Asipewe Kitu Mdomoni

Wodi ya wanawake ina lugha yake, na anayetaka kuisikia vizuri alazwe. Wenye makoti meupe watasimama pembeni ya kitanda chako asubuhi, wazungumze juu ya kichwa chako kana kwamba wewe ni meza, kisha mmoja atakugeukia na kusema, "Pole mama, tunaendelea na dawa." Hayo ndiyo utakayoambulia. Yale mengine yote, yaliyokuhusu wewe, tumbo lako na siku zako zilizobaki, yameshapita juu yako.

Odeta aliijua lugha hiyo. Hakuwa daktari, na wala hakuwa muuguzi mwenye cheti kikubwa. Alikuwa muuguzi msaidizi, yule anayekugeuza ubavu, anayekuosha, anayekulisha na kubeba chombo chako cha haja bila kukunja pua. Lakini chuoni waliwafundisha maneno yote, maana anayetumwa lazima aelewe anatumwa nini. Mwalimu wao alikuwa Bi Manjula, mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Mwanza katika ukoo wa wenye maduka, akaikimbia mizani ya baba yake na kushika sindano.

"Msitishwe na urefu wa neno," Bi Manjula alikuwa akiwaambia. "Neno la hospitali ni kama kambale. Ukitaka kujua ukubwa wake, tazama mkia."

Mkia ukiwa "aitisi," sehemu fulani ya mwili imevimba na inauma. Ukiwa "ektomi," kuna kitu kimekatwa kikaondolewa. Ukiwa "oma," kuna uvimbe, na hapo Bi Manjula alikuwa akishusha sauti na kuwaonya wasicheke mbele ya mgonjwa. Wanafunzi waliyaimba maneno hayo wakifua sare zao, wakaulizana kwenye foleni ya chakula. Odeta aliyapenda kuliko wote. Kwao, upande wa Busisi, ugonjwa ulikuwa na jina la jirani aliyekuonea wivu, na sasa alikuwa amepata majina yasiyomsingizia mtu.

Kijana akipata neno jipya ulimi humwasha. Odeta alirudi nyumbani likizo akamkuta baba yake, mzee Chenge, amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu imekonda na tumbo limejaa. Mzee alikuwa amelima mpunga kwenye majaruba na kuvua samaki maisha yake yote, miguu majini asubuhi mpaka jioni. Mganga alikuwa akimnywesha mizizi. Odeta akapiga magoti, akamgonga tumbo kwa vidole kama alivyofundishwa, kisha akasema mbele ya wajomba na majirani, "Hii ni asaitesi. Ni maji. Kichocho kimeharibu ini."

Mama yake, Malimi, aliwangoja wageni watoke.

"Baba yako haendi kokote," alisema. "Mtu hufia kwake."

"Mama, nani kasema anakufa? Hospitali wanayatoa hayo maji."

Odeta hakumsikiliza. Alimzunguka mama yake, akawaendea wajomba, akawatisha kwa maneno ya Bi Manjula mpaka wakatafuta gari. Wakati ule hapakuwa na daraja. Wakafika Busisi wakakuta pantoni imeshavuka, wakakaa juani, mzee akihema ndani ya gari kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Mjini walimpokea vizuri na wakaanza kumtoa maji. Kabla ya Jumapili kufika mzee Chenge alitapika damu, beseni likajaa, akafa macho yakimtafuta mke wake aliyekuwa ng'ambo. Muuguzi aliandika "hematemesisi." Odeta alilisoma neno hilo na kwa mara ya kwanza halikumpa raha.

Haki ya Mungu, msichana hakuwa na kosa la kumuua mtu. Ini lile lilikuwa limekwisha zamani, lingempasua hata angelala kwake. Lakini nani atakwenda kumweleza hivyo mjane aliyeletewa maiti? Siku ya mazishi Malimi alisimama mbele ya ukoo, akamnyooshea bintiye kidole, akasema, "Mikono iliyomtoa baba yako kitandani kwake isinishike mimi." Alisema hayo tu, akakaa chini. Wazee wakaguna, na shangazi mmoja akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kila mtu akaelewa guu la nani lililokuwa linasemwa.

Kwa watu wa kule, neno la mzazi huondolewa na mdomo uliolitoa. Mama huchukua maji safi, akayashika kinywani, akampulizia mwanawe kifuani na mikononi, na mambo yakaisha hapo, watu wakapika. Hakuna wa kumfanyia kwa niaba. Odeta alimweleza padre, naye akamwambia asali, na kweli alisali. Lakini yapo ambayo padre anayafuta, na yapo yanayomngoja mama.

Akamngoja. Alipata kazi kwenye wodi ile ya wanawake, akapanga chumba Mkuyuni karibu na soko, akawa mtu mzima. Kila sikukuu alivuka kwenda kusalimia. "Shikamoo mama," angesema mlangoni, na mama angeendelea kupepeta mchele. Marahaba haikutoka. Mdogo wake, Rebeka, aliyebaki nyumbani na mama, ndiye aliyempokea mzigo na kumwekea chakula. Wagonjwa walipofia mikononi mwake Odeta alikwenda sinkini akaosha mikono muda mrefu kupita desturi. Muuguzi mkuu wa wodi, Sista Dorcas, mwanamke wa maneno makavu na moyo mzuri, alikuwa akimtania: "Wewe Odeta, hawa wametuletea wameshachelewa. Ulitaka wafufuke?" Kisha mimba ya Odeta, ile moja aliyoipata, ikaharibika. Wodini wakaandika "aboshen," neno lile lile wanalomwandikia aliyeitoa kwa kupenda na aliyetokwa akilia. Mwanaume naye akaondoka. Odeta akaitazama mikono yake akasema, basi, ndiyo hii.

Watu watasema ni ushirikina. Waseme. Yeye alijua ini ni nini na mfuko wa uzazi ni nini, na bado alilala na neno la mama yake kama mtu anavyolala na mwiba kwenye kisigino.

Halafu mama naye akaugua. Kwanza ugali ulimkwama, akasema ni mkavu. Ukaja wakati wa uji, nao ukakwama. Mwisho hata mate yakawa yanarudi. Rebeka alipopiga simu na kueleza, Odeta alikuwa amesimama kwenye korido ameshika shuka chafu, na lile neno likamjia lenyewe: disfagia. Akaegemea ukuta.

Siku hizi daraja lipo, na mtu anavuka kabla hajamaliza kusimulia jambo. Rebeka alimleta mama kwa gari, wakapita juu ya maji yaliyomchelewesha mzee Chenge. Malimi alipoingizwa wodini alikuwa mwepesi kama ungo. Alimwona Odeta ndani ya sare yake ya kazi, akageuza uso ukutani.

"Shikamoo mama."

Uso ulibaki ukutani.

Rebeka akamvuta dada yake pembeni. "Dada, usikasirike. Amesema usimshike. Ameniapiza hata mimi njiani."

"Sijakasirika," Odeta alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Sista Dorcas akapanga wengine wamhudumie. Daktari, kijana mpole aitwaye Alexander, akaja na wenzake wakasimama juu ya kitanda, na Odeta aliyekuwa akitandika kitanda cha pili akasikia yote. Kasinoma ya umio, saratani ya njia ya chakula. Aliukamata mkia wa neno kabla halijaisha. Uvimbe ulikuwa umetoboa mpaka kwenye njia ya hewa, kwa hiyo tone lolote la maji likishuka lingeingia mapafuni na kumuua. Alishwe kwa mpira wa tumboni, apewe dawa za maumivu, iwe tiba shufaa. Ni jina zuri hilo, na ndugu wengi hulisikia wakashukuru, hawajui kwamba maana yake wodi imeacha kumpigania mgonjwa na sasa inamsindikiza. Daktari akamgeukia Malimi akasema, "Pole mama, tunaendelea na dawa."

Kibao cha kitandani aliagizwa kukiweka Odeta. Aliandika kwa herufi kubwa, akakifunga kwa bandeji kwenye chuma: ASIPEWE KITU MDOMONI. Mama yake alimwangalia akikifunga. Hakuwa anajua kusoma.

Mtu asiyekunywa, mdomo wake hukauka, ulimi ukapasuka na midomo ikashikana na meno. Ndiyo maana kuna usafi wa kinywa. Mgonjwa analazwa kwa ubavu, unampitishia kitambaa cha gozi kilicholoweshwa, unamdondoshea maji kidogo mno kwa bomba la sindano, kisha unayavuta haraka kwa mashine ya kunyonya kabla hayajateleza kwenda kooni, mengine unayakinga kwa kile kidishi cha chuma chenye umbo la figo. Ni kazi ndogo inayotaka jicho. Wale waliopangiwa Malimi walikuwa na wagonjwa wengi, wakampitia mbiombio. Odeta aliona damu kwenye midomo ya mama yake, akavumilia, akavumilia tena, kisha akavaa glavu akaenda.

Mama alimtazama usoni. Halafu akazitazama glavu. Kitu kikapita machoni mwake, na akafungua mdomo.

Rebeka ndiye aliyesema baadaye kwamba labda glavu zilimwepusha mama na kuvunja kiapo chake, kwa kuwa mikono haikumgusa hasa. Basi ikawa hivyo. Odeta akamsafisha kinywa, akamgeuza, akamwosha mgongo, akampaka mafuta kwenye nyonga ili ngozi isichubuke, na kila mara amevaa glavu. Hawakuongea. Lakini asubuhi moja alisema "Shikamoo mama" kwa mazoea tu, na kutoka kwenye koo lile lililoharibika kukaja sauti nyembamba ya pumzi, "Marahaba." Odeta alikwenda stoo ya shuka akalia mpaka Sista Dorcas akamfuata.

Siku hiyo ndiyo aliyoomba. Alipiga magoti kando ya kitanda, akasema kwa Kisukuma, "Mayu, mama yangu, niachilie. Neno lako bado liko juu yangu."

Sauti ya Malimi ilikuja ya kunong'ona. "Nyumbani. Nikirudi. Kwa maji ya mtungi wangu." Akameza hewa kwa shida. "Hapa wananinyima maji."

Nyumbani! Odeta alijua hakuna nyumbani. Sista Dorcas alipoelezwa alimshika bega. "Mwambie ukweli. Usipomwambia atangoja safari ambayo haipo, na wewe utangoja naye."

"Nimwambieje, Sista? Kwamba unakufa, kwa hiyo nipe changu kabla hujaenda?"

"Hata kama."

Hakumwambia. Wote waliomsifia kwa maneno matamu kwa wagonjwa, waliosema Odeta akikueleza jambo huumii, wangemwona siku zile akizunguka kitanda cha mama yake na ulimi mzito kama jiwe la kusagia. Na sauti ya mama nayo ilikuwa inakwisha, ikawa pumzi, kisha hata pumzi yenye maneno ikaisha. Akabaki kuonyesha kwa vidole.

Ukweli alikuja kuusema Rebeka, aliyekuwa hajui neno hata moja la Bi Manjula. Ilikuwa asubuhi, akimfuta mama uso. "Mama, hatutarudi nyumbani," alimwambia, akilia wazi kama mtoto. "Kama una neno na dada, liko hapa hapa." Malimi akainua kidole akaelekeza mlangoni, kule Odeta alikozoea kutokea, akajigusa midomo, akakiweka kiganja chake wazi juu ya kifua. Rebeka akaelewa. Akaona haya kukaa katikati ya jambo la mama na mtoto, akakusanya kanga chafu, akatoka kwenda kwenye karo la nyuma ambako ndugu wa wagonjwa hufulia.

Odeta alifika na sinia lake. Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Alimlaza mama kwa ubavu, akawasha mashine, akapitisha gozi. Mama alikuwa macho, macho makavu yanayong'aa. Alinyoosha mkono akaishika glavu ya Odeta kwenye ncha ya vidole, akaivuta. Odeta akautoa ule mkono taratibu na kuulaza kitandani. Mama akaushika tena, akavuta tena, mpira ukatanuka na kurudi.

Wagonjwa wakikaribia mwisho huvutavuta vitu. Huvuta shuka, huvuta mipira, huvuta nguo za muuguzi. Walifundishwa hivyo chuoni, na Odeta alikuwa ameliona jambo hilo kwa wengi. Akasema, "Tulia mama, tunamaliza."

Akadondosha maji kidogo kwenye shavu la ndani. Malimi akafunga midomo.

Mashavu yakatuna. Kichwa kikainuka juu ya mto kwa nguvu ambazo hakuna aliyejua zimetoka wapi, shingo ikatetemeka, macho yakamkazia Odeta, na mkono ukarudi kuishika ile glavu. Sasa, mtu yeyote mwingine wa ukoo wao, mjinga wa mwisho, hata mtoto anayechunga ndama, angejua anachokiona. Odeta alikuwa na miaka ya wodi mikononi. Aliona mgonjwa aliyepewa maji, asiyeweza kumeza, aliyefunga mdomo, anayebadilika uso. Aliona kupaliwa. Mikono yake ikaenda yenyewe, haraka na kwa ustadi, kama ilivyotakiwa. Kidole kikabonyeza taya mdomo ukafunguka, kichwa kikageuzwa ubavu, kidishi kikawekwa chini ya shavu, mpira wa mashine ukaingia ukavuta. Maji yakatoka yote. Hata tone halikuteleza kooni.

"Pole mama," alisema, akihema. "Yameisha. Yameisha."

Malimi alimtazama. Kisha akafumba macho, na mkono ukaiachia glavu.

Odeta alimfuta kidevu, akamnyoosha mto. Akaenda sinkini akamwaga yaliyokuwa kwenye kidishi na kufungulia bomba. Alikuwa bado amekishika, kinachuruzika, Rebeka alipoingia na kanga mbichi begani na uso uliochangamka, uso ambao hakuwa nao tangu wavuke daraja.

"Amekupulizia?"

Odeta hakuelewa. Kisha akaelewa. Akakitazama kidishi, akaitazama glavu iliyonyooka vidole kwa kuvutwa, akatoa sauti ambayo wagonjwa wa vitanda vya mbali waligeuka kuitafuta.

Alizivua glavu akazitupa sakafuni. Akachota maji kwa kikombe, maji mengi, akakipita kile kibao alichokiandika mwenyewe, akapiga magoti. "Mama, maji haya hapa. Mayu, nimekuelewa. Mikono hii hapa, iko wazi, tazama." Malimi alikuwa anapumua kwa mbali. Odeta akamtilia maji mdomoni. Midomo haikushika. Maji yalitoka pembeni ya mdomo yakaingia kwenye mto. Akajaribu tena, na Rebeka akamshika mkono.

"Dada, acha. Amechoka."

Alikaa pale na kikombe hadi mchana ukapita. Mama hakufungua macho tena. Sista Dorcas ndiye aliyeweka vidole shingoni, akatazama saa, na hakutumia neno lolote la wodini. "Amekwenda, Odeta," alisema.

Kumwandaa marehemu ni kazi ya muuguzi msaidizi. Anamwosha, anamnyoosha viungo, anamfunga taya na kumvika shuka. Odeta alikuwa amewafanyia hivyo mama za watu wengi, na watu husema hakuna mwenye mkono mwepesi kama wake. Alileta beseni na sabuni mpaka kwenye pazia, akasimama. Glavu mpya zilikuwa kwenye boksi, angeweza kuzivaa. Akampa Sista Dorcas beseni. "Mwoshe wewe," alisema. "Mimi sijaruhusiwa." Akasubiri nje ya pazia akisikiliza maji.

Walimzika Malimi kwao, pembeni ya mzee Chenge. Matangani mtu mmoja alisikia habari ile akatikisa kichwa na kusema maji yakimwagika hayazoleki, na Odeta alitamani kumpiga kibao. Wengine walimfariji kwamba nia ya mama ilikuwepo na Mungu huangalia nia. Rebeka alisema hivyo hivyo kila walipoonana. Odeta aliitika, akashukuru. Nia anaijua. Lakini maji hayakumfikia, yalipita kwenye bomba la hospitali kwenda ziwani, na hilo hakuna wa kumdanganya.

Bado yuko kazini. Kinywa cha mgonjwa bado anakisafisha vizuri kuliko yeyote, na wasichana wa mafunzo huletwa kumtazama. Kuna jambo moja tu analolifanya ambalo halimo kwenye mafunzo, na Sista Dorcas ameacha kumuuliza. Bibi yeyote akifunga midomo na maji ndani, Odeta huizuia mikono yake kwanza. Huvua glavu mwenyewe, ya mkono mmoja, akauweka mkono huo wazi pale mgonjwa anapouona, akainama na kumuuliza kwa Kisukuma, "Mayu, unataka kutema, au unataka kupuliza?"

Karibu wote wanataka kutema. Odeta huwakingia kidishi.